Visu vya Kukunja vya Bei Rahisi, na Jinsi ya Kuvipambanua



Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo, ambacho labda mmoja wenu anacho mfukoni saa hii: kisu cha kukunja. Hatutasema habari za visu vya fahari vyenye mipini ya pembe na bei ya kununulia ng'ombe. Tutasema habari za visu vya bei rahisi, ambavyo mkulima, mvuvi, msusi wa mikeka na mwanafunzi waweza kuvipata pasipo kuuza mbuzi. Visu vya namna hii vimejaa sokoni, na kwa macho vyafanana. Walakini kimoja chaweza kumtumikia mtu miaka ishirini, na mwenzake chaweza kumkata kidole siku ya kwanza.

Hilo la kidole si neno la kutishia watoto. Tulipata kumwona mvulana mmoja aliyenunua kwa mchuuzi kisu king'aacho kama kioo. Akataka kutoboa tundu katika kibuyu. Akasimamisha ncha juu ya kibuyu, akasukuma kwa nguvu. Ncha ikakwama, mkono ukaendelea kwenda mbele, na bapa likakunjika kurudi ndani ya mpini, vidole vyake vikiwa njiani. Jeraha lilifika mfupani. Kidole kilipona, lakini hata leo hakikunjiki sawasawa. Watu wakasema, "Kisu kilikuwa kikali mno." Sivyo. Kisu kile kilikuwa butu, ndiyo sababu mvulana alisukuma kwa nguvu. Na kiungo chake kilikuwa dhaifu, ndiyo sababu kilikunjika. Makosa hayo mawili yangaliweza kuonekana dukani, kabla fedha hazijatoka mfukoni. Basi nia yetu leo ni kuwaeleza jinsi ya kuyaona.

Fikirini kwanza kisu cha kukunja ni kitu gani. Kisu cha jikoni ni chuma kimoja kilichoingia ndani ya mpini, na hakina mahali pa kukunjika. Lakini kisu cha kukunja ni kama kisu kilichokwisha kuvunjika katikati, kisha kikaungwa kwa msumari. Kwa hiyo swali la kwanza la kukiuliza kila kisu cha kukunja si "Je, wang'aa?" bali ni hili: "Ukisha kufunguliwa, ni kitu gani kinachokuzuia usirudi juu ya vidole vyangu?" Mafundi wa nchi mbalimbali wamelijibu swali hili kwa njia mbalimbali. Tutachagua majibu manne, na kila jibu tutalionyesha kwa kisu kimoja mashuhuri ambacho kilifanywa kwa ajili ya watu wenye fedha kidogo.

Jibu la kwanza ni la Wajapani. Katika mji wa Miki, jimbo la Hyogo, tangu miaka ya 1890 hufanywa kisu kiitwacho Higonokami, maana yake "Bwana wa Higo". Na Higo ni jina la jimbo la zamani katika nchi ile. Kisu hiki kina vitu vitatu tu: bapa, mpini, na msumari wa kuviunga. Mpini wenyewe ni bamba moja la shaba au chuma, lililokunjwa mara moja. Hakina komeo wala kamani. Kitako cha bapa, yaani ule mwisho ulio kwenye kiungo, kimerefushwa kikatokeza nje kama kimkia. Ukikishika kisu, kidole gumba hukaa juu ya kimkia hicho, na muda kidole kikiwapo bapa haliwezi kurudi. Usalama wote, basi, umo katika kidole gumba cha mwenye kisu.

Kwa miaka mingi watoto wa shule wa Japani walichonga penseli zao kwa kisu hiki. Katika mwaka 1960 mwanasiasa mashuhuri, Asanuma Inejiro, aliuawa na kijana kwa upanga mfupi, mbele ya mkutano mjini Tokyo. Baada ya hapo watu wakaanza kuwaondolea watoto vitu vyenye makali, vichongeo vya penseli vikachukua mahali pake, na wengi wa waliofanya visu hivi wakaacha kazi. Hata hivyo kisu chenyewe hakikufa. Hufanywa Miki hata sasa.

Jibu la pili ni kamani, ambayo wengine huiita springi. Kamani ni ukanda wa chuma chenye mnepo uliolazwa katika mgongo wa mpini, nao hukikandamiza kitako cha bapa. Kitako kina upande bapa. Kisu kikiwa wazi, upande huo hukaa sawasawa juu ya kamani, na kukiondoa hapo kwataka nguvu kidogo. Visu vya mfukoni vya Sheffield, Uingereza, vilivyosifiwa duniani katika karne ya 19, vingi ni vya ukoo huu. Kwa bei rahisi, mfano mzuri ni Douk-Douk, kilichoanza kufanywa mwaka 1929 katika mji wa Thiers, Ufaransa, mji ambao watu wake wameishi kwa kazi ya visu kwa karne nyingi. Kisu hiki kilikusudiwa watu wa visiwa vya Melanesia, katika Bahari ya Pasifiki, nacho kina sura ya pepo wa visiwa hivyo juu ya mpini wake. Kilipata wanunuzi wengi vilevile katika Afrika ya Kaskazini, na ndugu yake mmoja akapewa jina la El Baraka, neno ambalo sisi hatuhitaji kufasiriwa.

Kamani ni kitu chema, lakini mkumbuke jambo moja: kamani haifungi, huzuia kidogo tu. Ukikata kwa kuvuta makali kuelekea chini, kisu chatulia. Ukichoma kwa ncha, au ukigonga mgongo wa bapa, kamani itashindwa, na bapa litarudi. Kile kisu cha mvulana tuliyemtaja kilikuwa cha namna hii, tena kamani yake ilikuwa nyembamba kama ukuti.

Jibu la tatu ni pete. Katika milima ya Savoie, Ufaransa, kijana aitwaye Joseph Opinel, mwana wa mfua zana za makali, alianza mwaka 1890 kufanya kisu cha wakulima: bapa moja, mpini wa mti wa mviringo uliopasuliwa ufa, msumari mmoja, na ukanda wa chuma wa kuushika mti usipasuke. Mwaka 1897 alivipanga visu vyake kwa nambari, tangu 1 mpaka 12, kwa ukubwa. Hata leo watu huvitaja kwa nambari, na kipendwacho sana ni nambari 8, ambacho bapa lake lina urefu wa sentimita 8 na nusu. Zamani Opinel kilishikwa wazi kwa msuguano wa mti tu. Mwaka 1955 iliongezwa pete yenye upenyo: pete ikizungushwa, upenyo wake huondoka njiani mwa bapa, na kisu hakiwezi kukunjika hata mtu akisukuma ncha. Pete hii ndiyo komeo rahisi kuliko yote tunayoyajua. Mtoto aweza kuona kwa macho kama limefungwa au halikufungwa. Lakini pete haijifungi yenyewe: mwenye kisu akisahau kuizungusha, ni kama hana.

Kisu hiki kina tabia moja. Mpini wake ukilowa maji, mti huvimba na kulibana bapa hata lisitoke. Wenyeji wa Savoie hugonga mwisho wa mpini juu ya meza, na bapa hujitokeza kidogo, likashikwa kwa vidole. Msilivute kwa meno. Meno ni ghali kuliko kisu.

Jibu la nne lilikuja kwetu Afrika zamani. Mwaka 1902 Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walianza kufanya kisu cha kuuzwa katika makoloni yao ya Afrika, wakakiita Okapi, kwa jina la yule mnyama wa misitu ya Kongo aliye wa jamaa ya twiga, ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamempa jina la kitaalamu mwaka mmoja tu kabla yake. Ujerumani iliacha kukifanya katika miaka ya 1980, na kazi ikahamia Afrika ya Kusini. Aina yake ijulikanayo sana ina mpini wa mti wenye mapambo ya nyota na mwezi mwandamo, na kitako cha bapa lake kina meno. Ukikifungua, wasikia kamani ikiruka kutoka jino hata jino: ta, ta, ta. Kikisha kufunguka, kamani huingia katika jino la mwisho na kulishika. Na ili kukikunja, huvutwa kipete kilicho mgongoni, kamani ikainuka. Komeo hili hujifunga lenyewe, na hiyo ni fadhila. Walakini uchafu, nyama na mchanga vikijaa katika meno hayo, kamani haiingii mpaka mwisho, na mtu hudhani kisu kimefungwa nacho hakikufungwa. Kinataka kusafishwa.

Sasa viwekeni visu hivi vinne pamoja, mviangalie. Kimoja cha Japani, viwili vya Ufaransa, kimoja cha Ujerumani na Afrika ya Kusini. Waliovifanya hawakukaa baraza moja. Walakini vyote vina tabia moja: vitu vyake ni vichache. Mpini ni bamba lililokunjwa, au kipande cha mti. Hakuna mapambo ya gharama, hakuna kizibuo, hakuna kijiko. Fundi aliweka akiba katika mpini, fedha akazitia katika bapa na kiungo. Hiyo ndiyo siri ya kisu rahisi kilicho chema.

Kisu rahisi kilicho kibaya hufanya kinyume. Hung'arishwa mpini wake, hutiwa rangi tatu, huongezwa msumeno, mkasi, bisibisi na taa, na vyote kwa bei ile ile ya kisu kimoja. Fedha iliyotosha bapa moja jema imegawanywa mahali kumi, na hakuna mahali ilipotosha. Wazee walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Na bapa jema ni lipi? Chuma cha kisu ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo, yaani kile kilichomo katika makaa. Katika bapa la Opinel la namna ya zamani, kaboni ni kiasi cha sehemu 0.9 tu katika 100. Lakini kichache hicho ndicho kinachoyapa makali ugumu wake. Chuma hicho hupashwa moto hata kiwe chekundu, kiasi cha digrii 800 za sentigredi, kisha hutoswa ghafula katika mafuta au maji. Hapo huwa kigumu sana, lakini huvunjika kama kioo. Kwa hiyo hupashwa tena kidogo, kiasi cha digrii 200, ili kipate kustahimili. Wafua chuma wetu huiita kazi hii kutia chuma maji. Mwenye kiwanda akiifanya kwa haraka, au akilisugua bapa kwenye jiwe la mashine hata likapata moto mkali, ugumu hutoka. Ukiona rangi ya buluu kwenye makali ya kisu kipya, jua ya kwamba kimeungua. Hakitakaa na makali.

Kuna namna mbili za chuma. Chuma cha kaboni hunoleka upesi, lakini hushika kutu. Chuma kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley alikifanya Sheffield mwaka 1913, kimetiwa madini ya kromiamu. Katika visu vya kawaida ni kiasi cha sehemu 13 katika 100. Mvuvi, na mtu wa pwani ambako hewa yenyewe ina chumvi, heri achague hiki cha pili. Mkulima wa bara aliye na kinoo mlangoni aweza kuchagua cha kwanza pasipo hofu. Kikikata embe au limau kitageuka rangi kuwa cha kijivu. Hiyo si kutu, na si aibu. Kutu ni nyekundu, na hula chuma.

Basi mkifika dukani, fanyeni mambo haya matano.

Kwanza, soma maandishi yaliyopigwa juu ya kitako cha bapa, wala si yale ya kwenye sanduku. Uongo katika jambo hili si wa leo. Mafundi wa Sheffield walilalamika sana juu ya visu vya nchi nyingine vilivyopigwa jina la mji wao, na mwaka 1887 Uingereza ikatunga sheria ya kuzuia alama za uongo katika bidhaa. Jina laweza kuigwa, kwa hiyo halitoshi; lakini kisu kisicho na jina lo lote, aliyekifanya hakutaka kujulikana.

Pili, kikunje, ukitazame. Ncha ni lazima ijifiche kabisa ndani ya mpini. Ncha inayochungulia itararua mfuko, kisha itararua mkono.

Tatu, kifungue, ukishike bapa kwa mgongo wake, ulitikise kushoto na kulia. Likicheza kama jino la mtoto, kirudishe. Kisu kinachocheza kikiwa kipya, baada ya mwaka kitakuwaje?

Nne, lijaribu komeo. Kifungue, kaza komeo, kisha ukandamize mgongo wa bapa polepole juu ya ukingo wa meza, mkiviweka vidole nje ya njia ya bapa. Komeo likiachia, huyo ndiye adui tuliyemsema tangu mwanzo.

Tano, kata karatasi. Kisu chema hupita, kibaya hurarua. Lakini msikikatae kisu kwa jambo hili peke yake, maana visu vingi vya bei rahisi hutoka kiwandani pasipo kunolewa vizuri, na makali mtu aweza kuyatia mwenyewe nyumbani. Kiungo kibovu hawezi kukinoa.

Na katika kunoa, twawapa wanafunzi hesabu ndogo. Pembe ya karatasi ni digrii 90. Ikunje katikati, ni 45. Ikunje tena, ni 22 na nusu. Hiyo ndiyo pembe ya kulilaza bapa juu ya kinoo. Weka karatasi yako kando ya kinoo, ulinganishe, kisha sukuma bapa kama mtu anayetaka kukata ngozi nyembamba ya jiwe, upande huu mara kumi na upande huu mara kumi, na kinoo kiwe na maji. Ukimaliza, tazama makali katika mwanga: makali halisi hayaonekani, ukiona mstari unaong'aa, hapo bado ni butu. Kisha kifute, na utie tone la mafuta katika kiungo.

Je, tuseme kisu gani ni bora kuliko vyote? Hatuwezi, maana kazi si moja. Kwa mtoto anayejifunza, twaona pete ya Opinel ndiyo ifaayo, tena viko vidogo vyenye ncha ya mviringo vilivyofanywa kwa ajili ya watoto. Kwa mtu wa kukata kamba na matunda tu, asiyechoma kwa ncha, kisu cha kamani chatosha. Kwa mtu wa shamba atakaye komeo la kujifunga lenyewe, Okapi, naye akubali kukisafisha. Higonokami twamwachia mwenye mkono mtulivu.

Neno la mwisho. Kisu kile cha Okapi kilipata jina baya katika Afrika ya Kusini na katika kisiwa cha Jamaika, kwa sababu wagomvi walikichukua kwa kujeruhi watu. Kule Japani watoto walinyang'anywa visu vyao kwa kosa lisilokuwa lao. Ndivyo ilivyo: mtu mmoja akikitumia kisu vibaya, mia walio wema huangaliwa kwa jicho la shaka. Kwa hiyo mwanafunzi asikipeleke kisu shuleni pasipo ruhusa ya mwalimu wake; na kila mtu akimpa mwenzake kisu, ampe kikiwa kimekunjwa.

Wahenga walisema, "Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama." Nasi twaongeza: awe na kiungo imara pia, apate kuila nyama hiyo kwa vidole vyote kumi.